Afisa ustawi husomea wapi akishapata cheti?

Chukua kisa hiki. Ni cha kutunga, ila yeyote aliyewahi kukaa ofisi ya ustawi wa jamii, iwe Unguja au Pemba, atakijua. Bibi kaja na mjukuu wake wa miaka saba. Mtoto kavaa sare ya skuli, mtandio umemwendea upande, anakwangua rangi ya ukingo wa meza kwa ukucha. Bibi anasema maneno mengi. Mtoto anasema matatu tu: "Kanifanyia tabia mbaya."

Afisa, kijana mwenye shahada yake na nia njema, anamuuliza: "Nani, yule jirani? Alikushika, si ndiyo?" Mtoto anaitikia kwa kichwa. Afisa anaandika.

Hapo, bila ya mtu kukusudia, ushahidi umeshaingia dosari. Jina la jirani limetoka kinywani mwa afisa, halikutoka kwa mtoto. Na mtoto wa kwetu kafundishwa tangu anajifunza shikamoo kwamba mkubwa habishiwi. Ukimuuliza "si ndiyo?" atakujibu "ndiyo", hata ukimwambia leo Ijumaa na yeye anajua ni Jumatatu. Wakili wa mshitakiwa akilipata jalada lile mbele ya hakimu, hana haja ya kutafuta pengine pa kutia kidole.

Afisa huyu si mvivu wala si mjinga. Kashahudhuria mafunzo ya hifadhi ya mtoto mara mbili, na vyeti viwili viko ndani ya faili lake. Basi alikosa nini? Swali hili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu kila likitokea jambo kama hili jawabu letu huwa lile lile: "Wanahitaji mafunzo." Na neno hilo mafunzo, kwa tunavyolitumia, limebeba mizigo minne isiyofanana.

Mzigo wa kwanza ni masomo ya chuo. Mtu husoma kazi ya ustawi wa jamii Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, au huvuka maji akasome Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Huko hupata msingi: saikolojia, sosholojia, maadili ya kazi, na miezi ya mazoezi ya vitendo. Hayo hayana mbadala, na sitayarefusha.

Mzigo wa pili ni kupewa habari mpya. Imetoka sheria, imebadilika fomu, umekuja mwongozo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 imepita mwaka 2011. Aliyemaliza chuo kabla ya hapo hakuisoma darasani, na ndiyo inayomtaka leo aende mahakamani na ripoti kuhusu hali ya mtoto na familia yake. Ustawi wa jamii si jambo la Muungano, kwa hiyo hata aliyesoma bara vizuri kabisa anarudi na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kichwani, ambayo huku haitumiki. Kumweka sawa mtu wa namna hiyo ni kazi ya siku moja au mbili, na hapa semina inafaa. Kaa, sikiliza, uliza, ondoka na nakala yako.

Mzigo wa tatu ni ustadi wenyewe: kumhoji mtoto, kutuliza mtu aliyepandwa na hasira, kuandika ripoti ambayo kadhi au hakimu ataisoma mpaka mwisho, kukadiria kama nyumba fulani ni salama kumrudisha mtoto usiku wa leo. Hivi ni vitu vya mkono na ulimi. Haviingii kwa kutazama ukuta unaomulikwa na projekta, kama vile hakuna aliyejifunza kukuna nazi kwa kuelezwa mbuzi ina meno mangapi.

Wa nne ni usimamizi, na huu nitaurudia, maana ndio tunaoupuuza kuliko yote.

Sote tunaviita vitu vinne hivi semina. "Fulani yuko wapi?" "Yuko semina." Matokeo yake tunatibu kila upungufu kwa dawa ya ule mzigo wa pili. Kijana wetu wa mwanzo hakukosa habari. Anajua sheria, anajua mtoto ana haki ya kusikilizwa, pengine ana mabango mawili ukutani yanayosema hivyo. Alichokosa ni ulimi uliozoea kuuliza "Nambie ilivyokuwa" badala ya "Alikushika?"

Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu mfano huu una mengi.

Kuna utaratibu wa kuhoji watoto uliotengenezwa na watafiti wa taasisi moja ya taifa ya afya ya mtoto kule Marekani, nao umefanyiwa majaribio katika nchi nyingi. Kiini chake ni kwamba kumbukumbu ya mtoto hutoka safi zaidi ukimwachia njia wazi. Kwanza mzowee. Kisha mwekee masharti: ukiwa hujui, sema sijui, nikikosea, nisahihishe. Halafu mpe zoezi dogo la kusimulia jambo la kawaida, labda sikukuu ilivyokuwa, apate kuzoea kuwa hapa yeye ndiye msemaji. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye lenyewe, kwa maswali ya wazi: nambie yote, ikawaje baada ya hapo, umesema kulikuwa na giza, nielezee hilo giza.

Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa ulete Zanzibar. "Nikikosea, nisahihishe": ni mtoto gani wa kwetu atamsahihisha mtu mzima, tena wa serikali, tena mbele ya bibi yake? Sharti hilo halitoshi kulitamka, lazima mlifanyie mazoezi. Unamwambia: "Haya, nikisema wewe una miaka kumi na tano, utanambiaje?" Akicheka na kusema "Hapana, mimi saba," hapo umepata. Asipothubutu, usiendelee.

Njoo kwenye "tabia mbaya". Mtoto wa hapa hana maneno mengine, na hayo kapewa na sisi. Anaweza kusema tabia mbaya, mambo mabaya, kanichezea. Neno hilo hilo laweza kuwa kutukanwa, kuoneshwa picha kwenye simu, au jambo la kupelekwa hospitali sasa hivi. Afisa mwenye haya hujaza mwenyewe anachodhani kimekusudiwa. Mwenye ustadi huuliza: "Hiyo tabia mbaya ndo nini? Nambie ilivyokuwa," kisha ananyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Na kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa lugha za wenzetu haitalikumbuka. Kiswahili hakisemi mwanamme au mwanamke ndani ya kitenzi. "Alinivuta" ni nani? Mwanamme? Mwanamke? Mtoto mwenziwe? Afisa akishapita haraka, kichwani mwake keshamchora mwanamme mzima, na ripoti ya mradi ikiandikwa Kiingereza hilo huwa limeshapigwa muhuri. Vivyo hivyo kuhusu anayedhuriwa. Utafiti wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta kwamba kwa upande wa Zanzibar wanawake takriban 6 katika kila 100 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wanaume 9 katika kila 100. Ndiyo, wavulana zaidi. Bado mabango yetu yana picha ya msichana, na mazoezi ya darasani nayo huanza na msichana. Wapi afisa amejifunza kumsikiliza mvulana wa miaka kumi na mbili ambaye kilio chake chote ni kukataa kwenda chuo cha Kurani?

Kama kumuuliza mtoto swali moja tu kuna yote haya, fikiria siku nzima ya afisa wa wilaya. Asubuhi ana mzee anayedai pensheni jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, kwa Sh 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa hadi 50,000. Mzee hana cheti cha kuzaliwa. Anasema mama yake alimwambia kuwa alikuwa anatambaa wakati wa Vita vya Ng'ombe. Asiyejua kuwa hiyo ni 1951 atamwambia arudi nyumbani akalete kielelezo. Anayejua atakaa naye, ampigie hesabu, amtafutie na wenzake wa rika. Huo nao ni ustadi, na hakuna semina iliyonifundisha. Nilifundishwa na karani mmoja mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Saa nne kuna mke na mume wanaogombania watoto, shauri linakwenda kwa kadhi, na afisa lazima ajue hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea, ni nini na matunzo ni nini, asije akamwahidi mama jambo ambalo ofisi yake haina uwezo wa kulitoa. Mchana kuna kijana aliyeacha methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, aliyokuwa akiinywa Kidongo Chekundu, ambako huduma hiyo ipo tangu 2015, na mama yake anataka afungiwe ndani. Kisha simu kutoka kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi hukaa chini ya paa moja: njoo, tuna binti, na saa zinakwenda. Dawa za kinga dhidi ya VVU zina saa 72, hazingoji kikao cha familia.

Kikao cha familia. Hapo ndipo kwenye neno muhali.

Msomaji wa Unguja na Pemba hahitaji kuelezwa muhali. Ni ile hali ya kushindwa kusema kwa sababu aliyekosa ni mtoto wa shangazi, au mwalimu wa chuo aliyewasomesha nyote Kurani, au jirani aliyekuazima ndoo ya maji miaka ishirini. Ni adabu iliyotuwezesha kuishi watu karibu milioni 1.9 juu ya visiwa vidogo bila ya kutoana macho, na ni adabu hiyo hiyo inayozika kesi za watoto. Mambo "yamalizwe nyumbani". Afisa ustawi naye hakushuka kutoka mbinguni. Ana shehia yake, ana wakwe, ana watu waliomzika baba yake.

Wafunzaji wanaokuja kutoka nje huligusa jambo hili kwa dakika tano, kwa jina la "vikwazo vya kitamaduni", kisha wanapindua ukurasa. Mimi naliona ni somo la wiki nzima. Utamjibu nini sheha aliyekuja na wazee watatu, kwa heshima zote, wakakuomba "uwaachie"? Ukiwajibu kwa vifungu vya sheria umewavunjia heshima, na kesho hakuna atakayekuletea taarifa. Ukiwakubalia umemuuza mtoto. Kuna njia ya katikati ya maneno, na wapo maafisa wanaoijua: "Wazee wangu, mngekuja jana ningewasikiliza. Leo jambo limeshatoka mkononi mwangu, limeandikwa. Nisaidieni tu huyu mtoto asitengwe." Umewapa kazi ya heshima, na mlango hukuufungua. Sentensi kama hiyo hupatikana kwa kumsikia mwenzio akiisema, kuijaribu na kukosea, kisha kuijaribu tena.

Nchi nyingine zimejaribu kulifanya suala la kuendelea kujifunza liwe la lazima, nazo hazikuafikiana namna. Jimbo la Illinois, Marekani, huhesabu saa: mfanyakazi wa ustawi mwenye leseni lazima atimize saa 30 za masomo kila miaka miwili, yakiwemo ya maadili, la sivyo leseni haihuishwi. England wanakwenda kwa njia nyingine. Hawahesabu saa. Kila mwaka kila aliyesajiliwa huandika angalau mambo mawili aliyojifunza na yalivyobadilisha kazi yake, na moja kati ya hayo lazima awe amelijadili na mwenziwe wa kazi. Saa ni rahisi kuzikagua na rahisi vilevile kuzidanganyia. Mtu anaweza kukaa saa sita akijibu ujumbe kwenye simu. Kuandika ulichojifunza ni kugumu zaidi kukagua, lakini kunamlazimisha mtu ajiulize. Ningeambiwa nichague moja ya kuletwa kwetu, ningechagua ya England, tena lile sharti la mwenzio, kwa sababu halihitaji hoteli.

Maana tuseme ukweli kuhusu hoteli. Semina yetu ina bango, chai ya saa nne, na posho. Sina ugomvi na posho. Mshahara wa afisa wa wilaya unajulikana. Ugomvi wangu ni kwamba posho ndiyo inayoamua nani aende. Nilishahudhuria mafunzo ya siku tatu ya kuhoji watoto ambayo nusu ya waliokaa mle ndani hawakuwahi na hawatowahi kumhoji mtoto: walikuwa wakuu wa vitengo. Wale wanaokaa na watoto walibaki ofisini, kwa kuwa lazima mtu abaki. Na mwenzetu wa Pemba akiitwa Unguja kwa siku mbili, ukihesabu boti ya kuja na ya kurudi, ofisi yake imemkosa siku nne.

Hata angekwenda aliyestahili, kuna suala la kusahau. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: akikariri silabi zisizo na maana, kisha akipima amebaki na kiasi gani. Alikuta sehemu kubwa ya kinachosahaulika huondoka mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia ndiko kunakokinga. Walimu wa vyuo vya Kurani walilijua hilo bila ya maabara. Ndiyo maana ya muraja'a, kurudia ulichohifadhi kabla hujaongeza kipya. Ajabu ni kwamba tunamfundisha mtoto wa miaka sita kwa kanuni hii, kisha mtu mzima mwenye dhamana ya maisha ya watu tunamsomesha mara moja, tunampa cheti, tunaagana.

Sasa usimamizi. Tukilitaja neno hili watu hujipanga kwa ukaguzi: majalada yanafutwa vumbi, kitabu cha mahudhurio kinajazwa. Lakini katika taaluma hii usimamizi una maana pana. Alfred Kadushin, mwanazuoni wa Kimarekani aliyeuandikia sana, aliugawa pande tatu: kuhakikisha kazi imefanyika, kumfundisha anayeifanya, na kumbeba asianguke. Wa kwanza tunao. Wa pili tunauita semina tukaupeleka hotelini. Wa tatu hatuna hata jina lake la kila siku. Wenzetu wa afya husema usimamizi shirikishi, na si baya tukiliazima.

Huo wa tatu si anasa. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu, Charles Figley miongoni mwao, walikuwa wameshaanza kuandika juu ya uchovu unaompata anayewahudumia walioumia: anaota ndoto za kisa kisicho chake, au moyo unakufa ganzi, mhanga wa kumi anamuona ni namba. Sisi tuliona kwa macho yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama bahari ya Nungwi ikielekea Pemba, na Julai mwaka uliofuata MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Nani aliyekaa na familia zile zilizokuwa zikitazama maiti mmoja baada ya mwengine? Na waliokaa nao, nani alikaa nao wao? Mwaka ule ule wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao kiini chake ni maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama usalama na anayehitaji zaidi. Sikiliza bila kumlazimisha mtu aseme. Muunganishe na jamaa, chakula, taarifa. Ni somo fupi, na kila afisa angepaswa kulirudia kila mwaka kabla ya msimu wa upepo, kama mabaharia wanavyofanya mazoezi ya maboya.

Liko jengine dogo ambalo naliweka hapa kwa kuwa linanikera. Kutunza siri kunafundishwa kama kanuni, kumbe siku hizi ni ustadi wa simu. Nimeona picha ya mtoto, uso wazi, ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la kazi "kwa taarifa na hatua", na kundi lina watu sitini. Katika kisiwa chetu watu sitini ni kila mtu. Kumfundisha afisa aandike "mtoto, miaka 7, shehia yangu, nipigieni" na aishie hapo ni dakika kumi tu.

Mengi ya haya hayangoji bajeti. Ofisi moja huko Pemba, ambayo sitaitaja isije ikaandamwa na wageni, imejiwekea saa moja kila Alkhamisi mchana. Wamo maafisa watatu, wakati mwengine na askari wa dawati la jinsia. Hakuna bango, kuna kahawa na kashata. Mmoja huleta kesi iliyomshinda, bila ya jina, na wengine huuliza. Kisha huigiza.

Siku niliyokuwapo, aliyekuwa mtoto ni bibi mmoja wa makamo, afisa wa miaka mingi, kajikunja kwenye kiti anakwangua meza kwa ukucha kama hasa wanavyofanya. Kijana akamuuliza vizuri: "Karibu. Nimesikia una jambo. Nambie lilivyokuwa."

"Kanifanyia tabia mbaya."

"Hiyo tabia mbaya ndo nini? Nambie."

Kimya. Kijana akatazama karatasi yake, akatutazama sisi, akafungua mdomo: "Ni yule..."

"Nyamaza," akasema bibi, bado kwa sauti ya mtoto, na kikao kizima kikacheka. Halafu kwa sauti yake: "Mwanangu, hesabu hadi ishirini. Kwa vidole, chini ya meza, nisione. Haya, tuanze tena."

Wakaanza tena. Kutoka nilipokaa niliviona vidole vyake vikienda, kimoja baada ya kimoja. Alipofika kumi na nne, "mtoto" akasema: "Ilikuwa jioni."